Udongo wa Muheza

Kuna watu mtaani kwetu, huku Mbagala, wanaosema shangazi yangu anatumia udongo wa makaburini. Mbele yake hawasemi. Wanasema kwenye foleni ya maji, na wengine wanasema kijiweni nikiwepo, halafu wanacheka ili nikikasirika nionekane mtoto. Msomaji mpenzi, mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na kusema kweli uvumi huu niliutamani kama kisa: mwanamke mjane, kitalu cha miche, mfuko wa udongo unaoshushwa kwenye basi usiku. Lakini mwanamke mwenyewe ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne, kwa miche hiyo hiyo. Mchawi wa kitabuni nitamtafuta kwingine. Hapa nataka kueleza udongo ule ni kitu gani.

Shangazi anauza miche ya dawa na ya manukato kando ya barabara. Ana mrehani, kivumbasi, mchaichai, mwarobaini, mlonge, na siku hizi ana pakanga ya Kichina, ile artemisia. Mrehani ndio unaomlisha. Wanawake wa Kipwani wanautaka kwa vikuba, na kikuba kisichonukia ni majani tu yaliyofungwa uzi. Kwa hiyo mteja hanunui mche kwa macho. Anachuma jani, analisugua kati ya vidole viwili, anafumba macho, ananusa. Hapo ndipo bei inapopanda au kushuka.

Kila baada ya miezi miwili mitatu mimi hutumwa Muheza kwa Bibi. Nyuma ya jiko lake kuna kipande ambacho mrehani na kivumbasi vimejiotea hapo hapo miaka na miaka, mbegu inaanguka, mvua inanyesha, vinaota tena. Bibi huchimba pembeni mwa mashina, kina cha shubiri moja, si zaidi. Anachotaka ni udongo wenye mizizi ile myembamba kabisa ndani yake, ambayo yeye anaiita nywele. “Ukichukua udongo bila nywele umebeba vumbi,” huniambia, na huniambia kila safari kana kwamba mimi ni mgeni. Tukifika Dar, Shangazi anatia konzi moja ya udongo huo katika kila kiriba, juu ya mchanga na samadi iliyooza, ndipo anapanda.

Sasa fikiria kijana unapanda basi na mfuko wa kilo kumi umefungwa kwa kitenge. Pale Segera konda aliniuliza kuna nini humo. Nikamwambia udongo. Akaniuliza, “Udongo wa nini?” Nikasema wa kupandia maua. Akauliza kama Dar hakuna udongo. Basi zima likageuka. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha pembeni akavuta mtandio wake ili usiguse mfuko. Nadhani uvumi ulipanda basi siku ile ile tukaja nao.

Halafu kuna jirani yetu wa biashara, hatua kama hamsini kutoka kwetu. Yeye udongo wake anauchemsha kwenye pipa, kwa mvuke, tangu alipohudhuria semina ya kilimo. Anawaambia wateja kwamba wa kwake ni udongo safi, na jinsi anavyolitamka neno “safi” anamtazama Shangazi. Lazima niwe mkweli hapa: jamaa ana hoja. Udongo mbichi unaleta kinyausi, ule ugonjwa unaoulaza mche kwenye shina asubuhi moja ukiwa na majani mawili tu. Shangazi amewahi kupoteza trei nzima kwa kinyausi, jirani hapotezi. Lakini moto haubagui. Ukichemsha udongo unaua adui na unaua na wengine.

Hao wengine ndio niliokwenda kuwatafuta.

Mwalimu wangu wa zamani wa Baiolojia bado anafundisha, na maabara ya shule yake ina hadubini mbili, moja ikiwa nzima. Nilimpelekea mizizi ya mrehani ya kutoka Muheza ndani ya mfuko wa plastiki. Akacheka, akaniambia, “Leta wino.” Nikadhani anataka niandike ripoti. Kumbe hapana. Mwaka 1998 watafiti walieleza njia rahisi ya kuona kuvu waliomo ndani ya mizizi kwa wino wa kalamu na siki. Unachemsha mizizi kwanza katika dawa kali, hidroksaidi ya potasiamu, mpaka iwe angavu kama tambi. Unaiosha vizuri. Halafu unaichemsha dakika chache katika siki iliyotiwa wino kidogo. Si kila wino hushika. Wangu ulishika. Ulikuwa wino mweusi wa chupa nilionunua Kariakoo pamoja na kalamu ya kujaza, kwa sababu niliamini riwaya haiandikwi kwa kalamu ya shilingi mia tatu. Chupa ilikuwa imekaa karibu mwaka mzima, na kazi yake ya kwanza ya maana ikawa kuchemshwa na mizizi.

Nikaweka jicho. Mwanzoni niliona mzizi tu, seli zimepangana kama matofali. Mwalimu akazungusha kidogo, na humo ndani ya matofali vikatokea vitu vyeusi: nyuzi zinazopita kati ya seli na seli, na ndani ya seli nyingine, kichaka. Sina neno jingine. Ni mti mdogo wenye matawi yaliyogawanyika na kugawanyika tena mpaka jicho linashindwa kufuata. Wataalamu wanauita abaskuli, kutoka neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo, kijiti. Kila kichaka kinaishi siku chache tu, kinanyauka, kingine kinaota kwenye seli ya jirani. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha.

Mitaani ukisema fangasi watu wanatazama vidole vya miguu. Ndiyo maana napendelea kusema kuvu. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Albert Bernhard Frank, aliyekuwa akichunguza kama uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi unaweza kulimwa, aliukuta mzizi na kuvu vimeshikamana hata vikawa kama kiungo kimoja. Akaunga maneno mawili ya Kigiriki, la uyoga na la mzizi, ikawa mikoriza. Ile ya Frank ilikuwa ya miti ya misitu ya Ulaya, inauvaa mzizi kwa nje mithili ya soksi. Ya mrehani inaingia ndani, na haitoi uyoga wowote juu ya ardhi, kwa hiyo unaweza kulima miaka sitini kama Bibi usiione hata siku moja. Takribani asilimia 70 ya aina za mimea duniani wanayo hii ya ndani. Wala si jambo la juzi. Huko Rhynie, Uskoti, kuna mawe yaliyohifadhi mimea ya miaka kama milioni 400 iliyopita, na ndani ya mimea ile vichaka hivi vimo. Mimea yenyewe haikuwa hata na mizizi ya kweli. Yaani mwenzi alitangulia, mzizi ukaja baadaye.

Biashara yao ni hii. Mmea unahitaji fosforasi, na fosforasi udongoni haitembei, imeng’ang’ania chembe za udongo. Mzizi unanyonya ile iliyo karibu, ikiisha unabaki na njaa ilhali chakula kipo sentimeta mbili mbele. Uzi wa kuvu ni mwembamba kuliko hata kinyweleo cha mzizi, unapenya pale mzizi usipopita, unachota, unarudisha. Mmea unalipa kwa sukari na mafuta. Na malipo si haba: makadirio ya kawaida ni kati ya asilimia 4 na 20 ya kaboni yote ambayo majani yametengeneza. Nilipomweleza Shangazi akasema hata dalali wa nyumba hachukui hivyo.

Lakini mimi, kama Shangazi, shida yangu haikuwa ukubwa wa mche. Ilikuwa harufu. Mbona mrehani wa udongo wa Bibi unanukia zaidi, au ni mazoea ya pua zetu?

Harufu ya mrehani haiko ndani ya jani lote. Iko kwenye tezi ndogo sana juu ya ngozi ya jani, vifuko vya mafuta, na ukisugua unavipasua. Mwaka 2006 watafiti wa Italia walichapisha jaribio la kuipa mirehani kuvu wa aina tatu mbalimbali. Tezi na mafuta vilibadilika, na, jambo hili ndilo lililonifurahisha, kuvu wale hawakufanya kazi sawa. Kuna aliyesaidia sana na kuna ambaye usingemtofautisha na asiyekuwepo. Ni kama kutafuta fundi.

Na pakanga ya Kichina ina habari kubwa zaidi, maana dawa yake imewekwa katika tezi za namna hiyo hiyo. Humo ndimo kunakopatikana artemisinini, iliyompa mama wa Kichina Tu Youyou sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na ndiyo mzizi wa dawa mseto tunayomeza hapa Tanzania tukiugua malaria tangu mwaka 2006. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi walionyesha kwamba pakanga iliyopewa kuvu wa mizizini inakuwa na tezi nyingi zaidi kwenye majani, na artemisinini nyingi zaidi. Kuvu yuko chini, kwenye giza. Dawa iko juu, kwenye jani. Kinachowaunganisha, kwa sehemu, ni fosforasi, na kwa sehemu ni kwamba mmea unapoingiliwa na mgeni, hata mgeni mwema, unaamsha kidogo askari wake, na baadhi ya silaha zake ndizo hizi sisi tunazoziita dawa na manukato. (Nisije nikasababisha balaa: Shangazi hauzi pakanga kama tiba ya malaria. Chai ya majani huwezi kujua imebeba dawa kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani halikubali itumike. Ukiwa na homa nenda ukapimwe. Wateja wake wanaipanda kwa kufukuza mbu na kwa kutambia majirani.)

Kuna jambo jingine ambalo lilininyima usingizi, kama mtu anayetunga visa. Kuvu anajuaje mzizi uko wapi? Anaitwa. Mmea wenye njaa ya fosforasi unatoa mizizini kemikali kidogo mno, strigolaktoni, na kuvu akiipata anaanza kutawanya matawi kwa pupa kuelekea kwake. Wajapani ndio waliolithibitisha hilo mwaka 2005. Lakini kemikali za aina hiyo zilikuwa zikijulikana tangu miaka ya 1960 kwa jambo baya kabisa: ndizo zinazoamsha mbegu za kiduha. Mkulima wa mahindi na mtama anakijua kiduha, lile gugu lenye maua mazuri linalonyonya mazao kuanzia mizizini, ambalo mbegu yake inaweza kulala ardhini miaka kadhaa ikisubiri. Wanasayansi walikuwa wakijiuliza kwa nini mmea upige kelele ya kumwita muuaji wake. Ulikuwa haumwiti yeye. Ulikuwa unamwita rafiki, na adui amejifunza kusikiliza.

Ningekuwa na akili ya kutunga kitu kama hicho ningekuwa nimeshamaliza riwaya.

Basi nikafanya jaribio langu, la kimaskini. Viriba ishirini vya mrehani. Kumi nikavitia udongo wa Bibi kama kawaida. Kumi nikavitia udongo ule ule wa Bibi lakini niliouchemsha kwanza kwenye sufuria kuukuu, ili mtu asiniambie tofauti ni mbolea tu. Mbegu moja, maji yale yale, kivuli kile kile. Wiki mbili za mwanzo zile za udongo wa kuchemsha zilikuwa mbele, nikaanza kumwonea aibu Bibi. Kati ya za udongo mbichi moja ilikufa kwa kinyausi. Kufikia wiki ya saba mambo yalikuwa yamegeuka: zile tisa zilikuwa na majani mapana, meusi kidogo, na zile nyingine zilisimama wima lakini zimechujuka. Nikachuma majani, nikayaweka kwenye visosi viwili bila kusema kipi ni kipi, nikawaomba wateja wanuse. Wanawake sita, na watano walichagua kisosi kimoja. Wa sita alisema ana mafua. Mwalimu aliniambia hiyo si sayansi kamili, maana nilipochemsha niliua na bakteria pia, na viriba ishirini ni vichache. Sawa. Lakini mizizi tuliitia wino tena. Ya udongo mbichi ilikuwa na vichaka. Ya udongo wa kuchemsha ilikuwa matofali matupu.

Nikamletea Shangazi picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole ikue, akairudisha. “Kwa hiyo nywele za Bibi yako zina nywele,” akasema. Akaenda kumwagilia.

Kuhusu uvumi, picha haikusaidia kitu. Nilimwonyesha mmoja wa wasemaji wakubwa pale kwenye maji, nikamweleza polepole kwamba kuna viumbe vidogo udongoni vinaingia kwenye mzizi na kuusaidia. Akawageukia wenzake: “Si niliwaambia kuna vitu kwenye ule udongo?” Hapo nikajua sayansi nayo ikisimuliwa vibaya ni hadithi ya majini.

Kilichosaidia kidogo ni yule jirani wa pipa. Wateja wake walianza kurudi wakilalamika kwamba mirehani yao ikifika nyumbani inadumaa. Na nyumbani kwenyewe ni huku kwetu, viwanja vilivyojazwa kifusi na mchanga, hakuna mzizi wa zamani, kuvu atoke wapi? Alikuja jioni moja, akamwamkia Shangazi kwa heshima zote, akauliza kama anaweza kupata ndoo moja ya ule udongo. Shangazi alimpa nusu ndoo, na akampa na masharti: usirundike mbolea ya kupandia, maana mmea ukishiba fosforasi ya dukani hauhangaiki kumwita kuvu, na usipoteze udongo huu kwenye kabichi wala sukuma wiki. Hili la kabichi nililipata mimi kwa Mwalimu. Ukoo huo haupokei kuvu hawa kabisa, wanajitegemea. Shangazi alilitamka kama vile kalijua tangu utoto.

Tatizo sasa liko Muheza. Kipande cha nyuma ya jiko ni cha urithi, na baba zangu wadogo wameshakubaliana kuuza kiwanja. Mnunuzi atajenga nyumba ya wapangaji. Bibi atahamia kwa mwanawe, kwenye sakafu ya vigae. Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele, nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, “Chimba wote mwaka huu, mjukuu wangu, mwakani utachimba saruji.” Nilichimba mifuko minne. Konda safari hii alikuwa mwingine, akanitoza mizigo bila maswali.

Lakini udongo huu hauwekwi ghalani kama mahindi. Kuvu hawa hawana namna ya kuishi bila mzizi ulio hai. Mbegu zao, vijiduara ambavyo vikubwa vyake unaweza kuviona kwa jicho kwa shida, zitavumilia muda fulani kwenye mfuko mkavu, halafu basi. Dawa yake ni kuwapa mzizi wowote wanaoukubali, unaokua haraka. Watafiti hutumia mtama au mahindi: unachanganya udongo wa asili na mchanga, unapanda, unaacha miezi mitatu minne mizizi ijae na kuvu wazaliane, unaacha kumwagilia, unakata majani, na kilichobaki chini ndiyo mbegu yako mpya.

Kwa hiyo uani kwetu kuna mabeseni kumi na moja yaliyopasuka, na ndani yake mtama. Shangazi ameyapanga kivulini asubuhi na juani mchana, anahamisha mwenyewe, hataki nisaidie kwa sababu nayaburuta. Shomoro wameshaujua mtama wetu. Suke linaliwa bichi, na Shangazi anawaacha wale, maana cha kwake kiko chini. Mabeseni mawili yameoza mizizi, tumeyamwaga. Katika lile la tatu kutoka mlangoni nilivuta uzi mmoja wa mzizi wiki iliyopita, nikaupeleka kwa Mwalimu pamoja na wino uliobaki, ambao sasa ni kama vijiko viwili.

Vichaka vimo. Mwisho wa mwezi tunaacha kumwagilia.